Nyundo Iliyopigwa Kwenda Mbele

Asubuhi ile nilikuwa nakata nyuzi zilizobaki kwenye ovaroli ya mtu ninayemchukia.

Ovaroli sita za buluu zilikuwa zimelaliana juu ya meza ya cherehani ya mama. Kila moja ina beji ya kitambaa kifuani, mama kaitarizi kwa uzi mweupe. DEREVA. FUNDI MKUU. FUNDI WA INJINI. FUNDI WA UMEME. MTUNZA SAA. MSEMAJI.

Hata msemaji ana ovaroli! Mtu ambaye kazi yake yote ni kufungua mdomo, kashonewa nguo ya grisi.

Mimi niliyelala chini ya lile gari likizo nzima mpaka mgongo ukaota sugu, sikushonewa hata kitambaa cha kufutia mikono.

"Usivute hivyo, utafumua," mama akasema, pini zimemjaa mdomoni.

"Sivuti."

"Unavuta. Na huo uso kaupige pasi, umejikunja kuliko nguo."

Nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza. Darasani nikiulizwa swali natazama dawati mpaka mwalimu anachoka mwenyewe. Wageni wakija nyumbani naingia jikoni kuosha vyombo visafi. Ndiyo maana wale wanafunzi wa chuo kikuu wakanibandika jina la Bubu, nami nikaitika.

Lakini hapa gazetini sinyamazi. Hapa natema kila kitu, hata cha kuniaibisha. Na ya leo ndiyo yananiaibisha kuliko ya wiki zote.

Kwa mliokuja mmechelewa, niwavute kidogo. Marehemu baba, fundi wa magari, alituachia nyuma ya nyumba gari dogo la Kiingereza la viti viwili, limemzidi mama umri, tairi zake za spoku kama baiskeli. Alilibatiza Shangazi, kwa sababu linakuja linapojisikia, na likija lazima lilalamike. Kaka yangu, anayesomea uhandisi mwaka wa pili, akalikokota mpaka chuoni kwao. Huko kuna chama cha wanafunzi wanaofufua magari ya zamani ya Waingereza na kushindana nayo na vyuo vingine.

Wao walikuwa na vitabu. Mimi nilikuwa nimemshikia baba tochi tangu nina miaka sita. Mimi ndiye nilijua Shangazi anaumwa wapi. Siku injini ilipowaka, kiongozi wao, wanamwita Nahodha, akanigonga begani, akasema, "Asante dogo. Sasa kaa pembeni, hii ni kazi ya chuo."

Na wiki iliyopita niliwaungamia uongo wangu. Kwa hasira ya kuwekwa pembeni, nilimwambia kaka kwamba beringi ya tairi la mbele inalia. Haikuwa inalia. Nilitaka tu waniite.

Hawakuniita. Walifungua wenyewe tairi zote mbili za mbele, wakang'oa mpaka habu, kile chuma cha katikati ambacho tairi linakaa juu yake. Beringi wakazikuta nzima, kama zimetoka dukani jana. Kaka akaja nyumbani, akasimama mlangoni, akaniambia neno moja tu mbele ya mama.

"Mwongo."

Akageuka akaenda zake. Sasa sikilizeni kile ambacho uongo wangu ulizaa.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mbio, mama alinituma karakana ya chuo nikapime mikono ya ovaroli ya Nahodha. Nilienda na sare yangu ya shule na futi ya kushonea shingoni.

Shangazi alikuwa juu ya jeki, anang'aa mpaka unajiona. Walikuwa wamempiga rangi kila mahali. Boneti nyekundu, spoku za fedha, na habu za mbele nazo za fedha, zimekolea, hazina hata doa.

Hilo ndilo lililonishtua. Hazina hata doa.

Baba alikuwa ameweka doa jekundu kwenye habu ya kulia na doa jeupe kwenye ya kushoto. Alikuwa na sababu. Kwenye magari haya tairi halifungwi na nati nne au tano kama magari ya siku hizi. Ni nati moja kubwa katikati, ina masikio mawili, unaipiga kwa nyundo ya shaba. Na thredi za kulia, yale meno ya ndani ya nati na ya habu, zimekatwa kinyume na za kushoto. Ukiziweka kando kando bila doa, habu hizo zinafanana kama mapacha.

Baba alinifundisha kabla sijajua kusoma. "Angalia sikio la juu. Ukifunga, lipige liende nyuma ya gari. Ukifungua, lipige liende mbele. Hivyo tairi likizunguka, nati inajikaza yenyewe. Ukikosea upande, binti yangu, tairi lenyewe ndilo linalokufungulia nati. Polepole. Wewe unabadilisha gia, unaimba, na nati inatoka."

Basi pale karakana Nahodha alikuwa amechuchumaa kwenye tairi la mbele la kushoto, miwani ya jua kichwani, humo ndani ambamo hata jua hakuna. Akainua nyundo. Akapiga sikio la juu.

Likaenda mbele.

Nikadhani nimeona vibaya. Akapiga tena. Mbele. Nati inakaza, na inakwenda mbele.

Nikazunguka upande wa pili. Kaka yangu naye anapiga. Naye mbele.

Msemaji alikuwa amekaa juu ya tairi la akiba anakula karanga. "Wewe dogo, ungekuwepo asubuhi ungecheka," akaniambia. "Nati zilikataa kuingia kabisa! Huku hazitaki, kule hazitaki. Tukabadilishana, ya huku tukapeleka kule. Zikaingia laini kama siagi. Gari lina makusudi hili!"

Hazikukataa kwa makusudi. Zilikataa kwa sababu habu ya kulia imekaa kushoto na ya kushoto imekaa kulia. Wamepaka rangi juu ya doa la baba, wakasahau ipi ni ipi. Nati ndiyo iliyojaribu kuwaambia, nao wakaibembeleza mpaka ikanyamaza kama mimi.

Nikafungua mdomo. Wallahi nilifungua.

"Samahani... hizo..."

Na sekunde ileile Nahodha akakipiga kidole gumba chake mwenyewe.

"Mamaaa weee!"

Nyundo kule, miwani kule, yeye anarukaruka kwa mguu mmoja, sijui mguu ulimkosea nini. Karakana nzima ikacheka. Nami kicheko kikanitoka, kikali, cha juu, sikujua hata kama ninacho.

Akageuka.

"Na wewe Bubu unacheka? Kumbe meno unayo!"

Wakacheka tena. Safari hii walinicheka mimi.

"Bwana, mfunge kamba dada yako," akamwambia kaka, huku anakinyonya kidole. "Wiki iliyopita katupotezea siku mbili kwa beringi aliyoiota. Leo kaja kutukodolea macho, nikaumia. Huyu ana mkosi. Au ana wivu. Unaona anavyoniangalia? Anataka kuendesha yeye!"

Nikamtazama kaka yangu. Nilimwomba kwa macho aseme kitu. Aseme tu, huyu ndiye aliyeliwasha gari hili mlipokuwa mmekwama. Maneno kumi hayafiki.

Kaka akakuna shingo.

"Pima mikono uondoke," akasema.

Basi nikapima. Bega mpaka kiganja, sentimita sitini na tatu. Nikaandika kwenye karatasi. Nilikuwa na hasira ya baridi, ile inayokufanya uandike vizuri.

Na moyoni nikamwambia Nahodha, dereva si ni wewe? Basi endesha.

Hayo ndiyo maungamo yangu ya leo. Sikusahau. Sikuogopa. Nilijua, na nilinyamaza kwa kupenda. Ijumaa nzima niliichezesha picha ile kichwani. Tairi linachomoka mbele ya watu wote, linampita, linakwenda zake, naye amebaki kalalia ubavu, miwani imemkaa puani mshazari. Nilicheka peke yangu darasani mpaka mwenzangu wa dawati akaniuliza nina nini.

Mbio zinafanyika kwenye uwanja wa ndege wa zamani, na mwisho wa ile njia ndefu kuna mtaro wa zege wa kina cha mtu mzima. Kwenye picha yangu ule mtaro haukuwepo. Niliuondoa.

Turudi Jumamosi asubuhi, mimi na mkasi wangu.

Saa mbili na nusu, hodi mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ingia, zimekwisha zote, bado nyuzi tu."

Nahodha akaingia na begi kubwa. Kidole gumba cha kushoto kimefungwa bandeji, kimevimba kama nyanya iliyoiva.

"Mama, samahani kwa usumbufu. Kuna badiliko dogo. Hiyo beji ya DEREVA uibandue kwangu."

"Niipeleke wapi?"

"Kwa kijana wako. Ndiye anayeendesha leo."

Mkasi ukaniponyoka.

"Gari la Mwingereza gia ni mkono wa kushoto," akaendelea, anamwonyesha mama ile nyanya. "Nimejaribu jana, gumba halishiki kitu. Na ile ya FUNDI MKUU, ukiitoa kwake, nibandikie mimi. Isiende bure."

"Nani anaendesha?"

Hiyo ilikuwa sauti yangu. Nahodha alitazama mlangoni kwanza, akidhani kuna mtu ameingia.

"Eeeh! Bubu kasema! Mama, umesikia? Kasema!"

"Asiendeshe," nikasema. "Habu za mbele mmezigeuza. Ya kulia iko kushoto. Nati zitafunguka zenyewe akikimbia."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mgeni. Yalitoka yamebanana kama watu mlangoni.

Nahodha hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alitabasamu, akamgeukia mama kwa upole, kama daktari anayezungumza na mzazi wa mgonjwa.

"Wiki iliyopita ilikuwa beringi. Leo habu. Wiki ijayo atatuambia usukani una mapepo."

"Ile ya beringi nilidanganya! Hii ni kweli!"

"Unamsikia, mama? Anasema mwenyewe."

Mama akanitazama. Nilitamani sakafu inimeze.

"Umeanza tena?" akasema, taratibu. "Mbele ya watu? Kaka yako mwenyewe, siku yake moja ya kuonekana, unataka kumharibia kwa sababu hukushonewa nguo?"

"Mama, siyo nguo!"

"Kaa kimya."

Akachukua wembe, akaibandua DEREVA kwa mikato mitatu, na FUNDI MKUU kwa mingine mitatu. Ya DEREVA akaiweka juu ya ovaroli ya kaka, akakaa kwenye cherehani.

Nikasema, "Mama, baba alisema sikio la juu..."

Cherehani ikanguruma.

Ikanyamaza anapogeuza kona. Nikasema, "Wao wanapiga kwenda mbele..."

Ikanguruma.

Kona nne, nami nikakatwa mara nne. Nikamwona mama yangu mzazi akimshonea mwanawe neno DEREVA juu ya moyo, na kila nikifungua mdomo anakanyaga pedali.

"Basi mpigie!" nikapiga kelele. "Mpigie kaka simu, nimwambie mwenyewe!"

Mama, kwa kutaka tu yaishe, akabonyeza simu yake.

Ikaita kwenye mfuko wa shati la Nahodha.

Sote tukautazama ule mfuko. Unatetemeka, unaimba ule wimbo wa simu ya kaka.

"Utaratibu wa chama," Nahodha akasema, anaubonyeza kwa juu unyamaze. "Dereva hakai na simu siku ya mbio. Akili itulie. Yeye yuko uwanjani na gari tangu jana, mama, usiwe na wasiwasi. Gari limekaguliwa, karatasi imesainiwa. Saa nne kamili tunaanza."

"Aliyekagua alizipiga nati?" nikauliza.

"Alizipiga, zimekaza kama jiwe."

"Alipiga zinaelekea wapi?"

Macho yake yakaenda juu kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka. Niliona. Nasema niliona, na mpaka leo sijamsamehe kwa kile alichokifanya baada ya hapo.

Alitabasamu.

"Zinaelekea kwenye ushindi," akasema. Akakusanya ovaroli.

Niliishika ile ya kaka. Niliishika kwa mikono miwili. Naye akavuta kwa mkono mmoja mzima. Mshono wa bega ukalia.

"Mwachie!" mama akafoka. "Mwachie nimesema! Unanivua nguo mbele ya mtoto wa watu!"

Nikaachia.

Gari lililomleta likaondoka. Mama akabaki amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, kifua kinapanda na kushuka.

"Mimi nimekukosea nini?" akaniuliza. "Niambie. Baba yako angekuwepo..."

"Baba angekuwepo angempiga kwa ile nyundo!"

Nilikimbia chumbani. Nikaingiza mkono chini ya kabati, nikaivuta nyundo ya shaba ya baba, ile yenye uso uliochakaa upande mmoja. Nikarudi nayo. Mama akarudi nyuma hatua moja. Jamani, mama yangu aliniogopa.

Nikaipindua meza ya kukatia ubavuni, miguu ikabaki hewani. "Hili ni gari. Huku mbele, huku nyuma. Huu mguu ni sikio la juu la nati. Baba alipofunga tairi alipiga hivi!"

Nikapiga. Paa! Kuelekea nyuma.

"Na juzi wao walipiga hivi!"

Paa! Kuelekea mbele. Mguu wa meza ukavunjika, ukaruka mpaka kwenye pazia.

Nilingoja kofi.

Mama hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameinama, ameinua sketi kidogo, anashika lile kovu kwenye muundi wake wa kushoto. Kovu lile nimelijua tangu nazaliwa. Nilijua tu kwamba baba ndiye aliyemuumiza na kwamba wao wenyewe walikuwa wakilicheka.

"Nilikuwa nimemletea maji," akasema polepole. "Anafunga tairi. Nyundo ikateleza ikanipata hapa." Akasimama wima. Akasogea, akajipanga kando ya lile gari la meza, anatafuta mahali alipokuwa siku ile. Akapita huku, akapita kule. Akasimama.

Alikuwa amesimama nyuma ya tairi.

"Alikuwa anafunga," akasema tena. "Si kufungua. Ndiyo kwanza tunaondoka kwenda kwa mama yake."

"Ndiyo, mama."

"Na ilikuja huku nyuma."

"Ndiyo."

Uso wake ukabadilika rangi. "Umeliona lini hili?"

Ningeweza kusema leo. Ningeweza kusema nimeota. Lakini uongo ulishatufikisha mahali, sikuwa na nguvu ya kuubeba mwingine.

"Alhamisi."

"Alhamisi." Alilitamka kama hajawahi kusikia siku inayoitwa hivyo. "Na ukakaa nalo."

"Nilidhani anaendesha Nahodha."

Mama akachukua mtandio kwenye msumari.

"Hayo tutayazungumza mwanangu akishashuka kwenye hilo gari," akasema. "Vaa viatu."

Jirani yetu ana pikapu ya kusambazia mitungi ya gesi. Tulimkuta anapiga mswaki. Mama alimvuta mkono mswaki ukiwa bado mdomoni, akamwambia tunakwenda uwanja wa ndege wa zamani, na tunakwenda sasa hivi.

"Mama, nina mitungi ishirini nyuma," akasema, povu linamtoka. "Nikikimbiza tunalipuka."

"Basi tulipukie njiani kuelekea huko."

Njia ya saa nzima. Pikapu ilipiga kelele kama kabati la vyombo. Mama akapiga simu ya kaka mara kumi na moja. Inaita, inakatwa. Inaita, inakatwa. Baadaye ikawa inaita tu. Akampigia mwalimu wa karakana, namba aliyoipata siku ya kupeleka vipimo. Haipatikani.

"Andika ujumbe," akanitupia simu. "Andika nimeanguka, nimezimia, nipo hospitali. Andika nimekufa! Huyo Nahodha ana mama, atampa simu."

"Mama, maiti gani imepiga simu mara kumi na moja?"

Jirani akacheka, akaona uso wa mama, akaacha.

Nikaishika simu. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapika tangu Alhamisi. Mjinga. Kichwa maji. Mwizi wa kazi za watu. Ukimuua kaka yangu nitakutafuta mpaka uzeeni. Nikayaandika yote. Vidole vyangu vilikuwa vinapiga kioo kama nyundo.

Nikayasoma. Halafu nikajiuliza, mimi nikitumiwa haya, nitafanya nini?

Nitazima simu.

Mtu pekee mwenye simu ni yule ninayemchukia. Mtu pekee anayeweza kumshusha kaka ni yeye. Na mimi ndiye niliyempa sababu ya kutoniamini. Nikayafuta, herufi moja moja, meno nimeyauma. Kufuta kuliniuma kuliko kuandika.

Nikaandika haya.

"Nahodha, ni mimi, siyo mama. Najua simu unayo wewe. Sikuombi uniamini. Chukua nyundo, nenda kwenye tairi lolote la mbele, piga sikio la juu kuelekea nyuma ya gari. Pigo moja tu, hakuna atakayejua. Likizidi kukaza, mimi ni mwongo, watangazie watu wote, niandike hata kwenye ukuta wa chuo. Likilegea, mshushe kaka yangu. Halafu useme umegundua wewe, mimi sitabisha. Niite Bubu maisha yangu yote, nitaitika."

Nikatuma. Saa nne kasoro dakika tisa.

Tiki moja. Tiki mbili.

Barabara ya lami ikaisha, tukaingia ya vumbi inayoufuata ukuta wa uwanja. Mitungi ikarukaruka nyuma yetu. Mama alikuwa anasema kitu kwa midomo bila sauti.

Tiki zikageuka buluu.

"Amesoma!" nikapiga kelele. "Mama, amesoma!"

Chini ya jina la kaka kukatokea lile neno. Anaandika. Nikaisogeza simu mpaka pua inagusa kioo. Anaandika. Likapotea. Likarudi. Anaandika.

Likapotea.

Saa nne kasoro dakika tatu.

"Kajibu nini?" mama akauliza.

Jirani akapunguza mwendo, lango lilikuwa limefungwa kwa mnyororo na mlinzi hayupo. Akazima injini ateremke kuuliza. Na pikapu ilipotulia, nikasikia ng'ambo ya ukuta injini ikiwashwa. Ikakohoa mara mbili, ikalalamika, ikakubali.

Hata magari mia yangewashwa pale pamoja, mlio wa Shangazi ningeujua.

"Nimekuuliza kajibu nini?"

Nikatazama tena. Maneno yangu yapo palepale, tiki mbili za buluu, na chini yake hakuna kitu.